Mama Sensei Anajibu: Usinionyeshe Jasho, Nionyeshe Alhamisi

Barua za mwezi huu ni kama zimeandikwa na mtu mmoja aliyehamahama mitaa: "Nafanya mazoezi sana, mbona siendi mbele?" Nimechagua tano. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza, mchana mimi ni fundi cherehani hapa Mkuyuni, Mwanza. Jioni za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nafundisha karate ya Goju-ryu kwenye darasa la chekechea tunaloazimwa, tukishasukumia vile viti vidogo ukutani. Sijawahi kuwa bingwa wa kitu. Nimefundisha miaka 26, na kama 12 ya mwanzo nilifundisha vibaya, kwa hiyo mengi ninayoyakemea hapa niliyafanya mwenyewe.

"Shikamoo Mama Sensei. Nina miaka 22, mkanda wa njano. Kila jioni napiga teke la mbele mara 300 kila mguu, na ngumi 500 hewani. Mwalimu wangu anasema teke langu ni zuri kuliko la yeyote pale. Lakini tukiingia kumite (pambano la watu wawili) nakuwa kama mtu ambaye hajawahi kuvaa gi, lile vazi la karate. Kuna kijana wa mkanda mweupe, kaanza juzi tu, ananigusa kifuani anavyotaka. Je, niongeze ziwe 1,000?" (Mkanda wa Njano, Buzuruga)

Marahaba mwanangu. Usiongeze hata moja.

Nilipokuwa na umri kama wako nilijiandaa kwa mashindano kwa njia hiyohiyo. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na jabali, na nani Mwanza hana jabali nyuma ya nyumba? Kila alfajiri nilisimama mbele yake nikapiga ngumi hewani hadi 1,000, nikihesabu kwa sauti mpaka jirani akalalamika. Siku ya shindano nikapangiwa dada mmoja mfupi, wala hakuwa na umbo la kuvutia. Tatizo ni kwamba hakusimama pale lilipokuwa limesimama jabali. Alisogea. Alinigusa mara tatu kabla sijarusha ngumi yangu ya kwanza, na hiyo ya kwanza ilikuwa nzuri sana, imenyooka, kiuno kimezunguka barabara, ila ilifika mahali ambapo yeye alishaondoka.

Teke lina mguu na lina jicho. Zile 300 zako zinafundisha mguu, jicho limelala. Hebu jiulize: katika mateke 300 ya jana, uliamua mara ngapi? Uliamua la kwanza tu, yaliyobaki 299 ulikuwa unanakili. Kwenye kumite kazi kubwa ni kujua sasa ndiyo au bado, yuko karibu au mbali, ni teke au ni kukwepa. Hilo hujalifanyia mazoezi hata dakika moja, halafu unashangaa linakushinda.

Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Shea na Morgan, walifanya jaribio ambalo huwa nawasimulia wanafunzi wangu wanapolalamika. Waliwapa watu kazi ya kuangusha vibao vidogo kwa mkono, haraka, kwa mipangilio mitatu tofauti. Kundi moja lilimaliza mpangilio wa kwanza wote, ndipo likaenda wa pili, kisha wa tatu. Kundi jingine lilichanganyiwa, bila kujua upi unafuata. Wakati wa mazoezi, waliopangiwa kwa utaratibu walikuwa wepesi zaidi. Walipopimwa tena baada ya siku kumi, waliochanganyiwa wakawapita.

Mimi nilikuwa nimeliona hilo kwenye cherehani kabla sijalisoma. Mwanafunzi wa ushonaji ukimpa kola 20 mfululizo, ya kumi na tano inatoka safi, anatabasamu, anakwenda nyumbani. Keshokutwa unampa kola moja, anakuuliza, "Mama, hii inaanzia wapi?" Yule niliyempa kola, kisha zipu, kisha pindo, kisha kola tena, analaani siku nzima na kazi yake inatia aibu, lakini keshokutwa mikono yake inakumbuka. Kila alipoirudia kola alilazimika kuitafuta upya kichwani. Huko kutafuta ndiko kujifunza kwenyewe.

Lipo na jingine. Miaka ya 1920 huko Moscow, mtafiti wa mwendo wa mwili Nikolai Bernstein aliwapiga picha mafundi wahunzi wakigonga nyundo. Nyundo ilitua palepale kila mara, lakini mkono haukupita njia ileile mara mbili. Bega lilibadilika kidogo, kiwiko kikafidia. Ukitaka kuona jambo hilo kwa macho yako, nenda Kisesa pale Bujora wakicheza Bugobogobo. Jembe linarushwa, linarudi kiganjani pamoja na mdundo, ila mkono unalifuata kila mara mahali tofauti kidogo. Mchezaji hajakariri mkono uende wapi, amejua jembe linakuja wapi. Sasa wewe umelifanya teke kuwa muhuri wa ofisi, unataka kugonga palepale.

Fanya hivi kwa wiki sita. Piga mateke 20 ya kuangalia umbo, polepole, ukipumzika kati ya moja na jingine. Basi, yatosha. Kisha mtafute mwenzio ashike ndala mbili mikononi. Akiinua ndala ya juu unapiga ngumi, akishusha ya chini unapiga teke, akikusogelea unatoka pembeni, asipofanya kitu husogei. Asikuambie mpangilio, na wakati mwingine akudanganye, aanze kuinua halafu aache. Mwendo uwe nusu tu ya nguvu. Baada ya hapo mchezo wa dakika moja moja: wewe unatafuta kumgusa bega, yeye anatafuta kukugusa goti, kwa kiganja wazi. Mnabadilishana. Hakuna ngumi hapo, na bado utatoka umelowa.

Nakuonya kwamba utaonekana mbaya. Lile teke zuri la hapo klabuni litakuwa limechakaa, na mwalimu wako anaweza kukuuliza umepatwa na nini. Vumilia. Usijipime jioni ileile, maana jioni ile mwili umeshapata moto na kila mtu ni hodari. Kwangu nina mtihani mmoja tu, nao ni wa Alhamisi: mwanafunzi akiingia mlangoni, hajapasha misuli, hajaruka kamba, namwambia anionyeshe tulichojifunza Jumanne. Taratibu, asije akachanika msuli, lakini mara moja tu. Kinachotoka hapo ndicho alichonacho. Mengine yote ya Jumanne yalikuwa jasho.

Na huyo mkanda mweupe anakugusa kwa sababu hana teke zuri la kulisubiri. Anakutazama wewe. Mwombe awe mshika ndala wako.

"Habari za kazi Mama Sensei. Mwanangu ana miaka tisa, anasoma karate wikendi. Mwalimu anamsahihisha sana: goti juu, kiuno, mkono usishuke, kidole gumba nje, macho mbele. Mtoto anarudi analia anasema yeye ni mjinga. Nimtoe?" (Mama wa Nyegezi)

Nzuri, dada. Usimtoe bado, kwanza zungumza na mwalimu, na umwambie kwa heshima, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa hivyohivyo na tunadhani kusema mengi ndiko kufundisha. Mtoto wa miaka tisa hawezi kubeba maagizo matano ndani ya teke moja linalochukua nusu sekunde. Hata mimi siwezi.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake wamekuwa wakionyesha jambo rahisi: mtu anajifunza mwendo vizuri zaidi akiwaza kile anachotaka kitokee nje ya mwili wake kuliko akiwaza viungo vyake. Kwa hiyo pale kwangu sisemi tena "inua goti". Naweka kiti cha chekechea mbele ya mtoto namwambia, "Piga mto ulio ng'ambo ya kiti, kiti kisianguke." Goti linapanda lenyewe. Sisemi "zungusha kiuno", nasema "usukume ule mfuko wa mchanga hadi ugonge ukuta". Kosa moja kwa siku, na nikimaliza kulisema nanyamaza. Kunyamaza kumenichukua muda mrefu kujifunza kuliko kata zote, ile mifuatano ya miondoko tunayoikariri.

Nyumbani usimrekodi kwa simu kila teke. Mara moja kwa wiki, atazame mwenyewe, akuambie ameona nini. Ukimaliza kumsikiliza mpe uji.

"Mama Sensei, mkanda mweusi unachukua miaka mingapi?" (Mwenye Haraka, Igoma)

Kwangu hakuna aliyeupata chini ya miaka mitano, na wapo wa miaka tisa. Mkanda mweusi ulianza kutumiwa na Kanō Jigorō, mwanzilishi wa judo, karne ya 19, na shodan, daraja la kwanza la mkanda huo, maana yake ni hatua ya kuanzia. Kama haraka yako ni mkanda, mimi nashona, kitambaa cheusi kipo, njoo na kiasi kidogo tu.

"Mwalimu, nina miaka 61, mstaafu, naishi Pasiansi. Kila asubuhi napanda mlima kwa miguu, juu na chini ya mawe, saa nzima. Pumzi ninayo kuwashinda vijana. Nataka kuanza judo. Je, huu mlima hautoshi kuwa maandalizi? Na je, naweza kujifunzia kuanguka ufukweni, maana mchanga ni laini?" (Babu wa Milima)

Shikamoo kaka. Mlima ni mzuri sana na usiuache. Ila umekupa pumzi na mapaja, haujakupa judo, kwa kuwa jiwe halijawahi kukushika kola likakuvuta. Pumzi itakusaidia uchelewe kuchoka wakati unajifunza, hapo ndipo faida yake inapokomea. Wako wengi wanaokimbia kilomita nyingi wakidhani wanajenga ngumi.

Kuhusu kuanguka umeuliza swali la mtu mwenye akili. Kanō alipoanzisha judo mwaka 1882 kwenye hekalu la Eishō-ji, Tokyo, alianza na mikeka 12 tu, na hadi leo mchezaji wa judo anayeanza hufundishwa kuanguka kabla ya kuangusha. Kwa umri wetu, kujua kuanguka kuna faida hata bafuni. Lakini usijifundishe peke yako kwa kuruka. Anza umelala chali, kidevu kimegusa kifua, kichwa hakigusi chini kabisa, mikono inapiga chini kwa pamoja pembeni mwa mwili, si mbali. Wiki nzima hivyo. Kisha umechuchumaa, unajiviringisha nyuma, mgongo wa duara kama bakuli. Kisha kusimama, na hapo uwe na mwalimu. Kabla ya yote mwone daktari kuhusu magoti, shingo na presha, na mwalimu umwambie waziwazi kwamba hutaki kutupwa na vijana wanaojaribu nguvu zao. Anayecheka, mwache.

Mchanga unafaa kwa hatua hizo mbili za mwanzo. Ufagie kwanza, mialo yetu ina ndoano, mifupa ya sangara na vipande vya chupa. Na ukimaliza, tafadhali, usiingie kwenye yale maji ya kina kifupi yenye majani kujisuuza mchanga. Kichocho kipo pwani yote ya ziwa letu, na minyoo yake hupenya ngozi wakati umesimama tu pale unajisikia vizuri. Beba dumu la maji kutoka nyumbani. Nimepoteza wanafunzi wawili kwa miezi kwa sababu ya kuoga ziwani baada ya mazoezi, na mmoja alikuwa binti yangu, kwa hiyo jambo hili naliandika kwa hasira kidogo.

"Shikamoo Mama Sensei. Mimi navua dagaa mwalo wa Igombe. Wakati wa giza tuko majini kila usiku, silali kitu. Mbalamwezi ikiwaka hatuvui, nina siku kama kumi, na hizo nafanya karate kwa muda wa saa tatu kila siku hadi nichoke kabisa. Giza likirudi naacha. Nikianza tena ni kama nimeibiwa. Kata ya Gekisai naikumbuka mwanzo tu, katikati nakwama. Mwaka wa pili huu. Mwenzangu ananiambia karate ni ya wenye mshahara." (Mvuvi wa Igombe)

Marahaba baba. Barua yako niliisoma mara tatu, maana nina watu wa nyumbani wanaovua, najua huo usiku ulivyo.

Hujaibiwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akijipima baada ya muda. Aligundua kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, halafu kasi inapungua. Akagundua pia kwamba hata unapodhani hakuna kilichobaki, ukijifunza upya unatumia muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo ile siku ya kwanza ya mbalamwezi unapojiona mtupu, usikasirike ukaanza kurudia mara mia. Jaribu kata mara moja, ukikwama simama palepale, fikiri, tafuta hata dakika nzima, ndipo uangalie au uulize. Ukikimbilia kuuliza kabla ya kutafuta mwenyewe, umejinyima sehemu yenye faida.

Ebbinghaus huyohuyo aliona kwamba kurudia kulikotawanywa kwenye siku nyingi kunashinda kurudia kulikorundikwa siku moja. Ndiyo shida yako. Saa tatu kwa siku kumi, kisha ukame. Ni kama kumwagilia mchicha mapipa mawili mwezini.

Kwa hiyo wakati wa mbalamwezi usizidishe saa moja na nusu kwa siku, na uigawe, asubuhi na jioni. Kati yake lala. Yale unayojifunza yanakaa vizuri zaidi ukiyalalia, na kwa mtu anayekesha kama wewe usingizi wa mchana si uvivu. Saa utakayoiokoa, uihamishie kwenye giza, kwa vipande vya dakika kumi. Mnasukuma mtumbwi saa ngapi, saa kumi na mbili jioni? Saa kumi na moja na nusu uko mwaloni, nyavu zimeshapangwa, mnasubiri nahodha amalize simu. Hapo. Dakika kumi, si zaidi, maana usiku una kazi ya kuvuta na mabega unayahitaji yafike salama. Alfajiri mkirudi usifanye kitu. Umechoka, utajifunza makosa. Na siku tajiri wa mtumbwi akikuharakisha, ruka siku hiyo bila kujilaumu.

Sasa hiyo Gekisai. Chojun Miyagi, mwanzilishi wa Goju-ryu, aliitunga mwaka 1940 iwe kata ya wanaoanza, kwa hiyo si wewe uliye mzito. Umekwama katikati kwa sababu kila ukianza unaanzia mwanzo. Mwanzo umeurudia mara 500, mwisho mara 60. Ikate vipande vinne. Jumatatu anza na kipande cha nne. Siku inayofuata cha pili. Kisha cha tatu, kisha cha kwanza, halafu vichanganye. Geuka pande tofauti pia: leo uelekee ziwani, kesho uelekee mawe, kwa kuwa nakushuku umeikariri kata kwa kutazama mti fulani. (Nilikuwa na mwanafunzi aliyekwama kila tulipohama ukumbi. Tuligundua alikuwa anageukia bango la alfabeti kwenye ukuta wa chekechea, herufi M.)

Ndani ya mtumbwi usipige kata, nakujua. Kaa, funga macho wakati taa zimeshawekwa majini na mnasubiri dagaa wakusanyike. Ipitie kata kichwani kwa mwendo wake halisi, usikie mguu unavyotua. Haishindi mazoezi ya mwili, ila inashinda bure. Kama kuna mwenzako chomboni, muulize akutajie kipande chochote, cha tatu kwa mfano, wewe useme kinaanzaje. Huyo anayesema karate ni ya wenye mshahara anafaa sana kwa kazi hiyo.

Mbalamwezi ijayo, siku ya kwanza, kabla hujapasha misuli, fanya Gekisai yote mara moja, uhesabu umekwama mara ngapi. Andika namba hiyo kwa mkaa ubavuni mwa mtumbwi, na mbalamwezi itakayofuata uandike nyingine chini yake. Nitumie zote mbili, hata kama ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Na ukipita Mkuyuni niletee dagaa, waliokaushwa kwenye vichanja, siyo wale wa mchanga.